Ukuta wa Fyuzi Zilizoungua

Siku ya kwanza tulipofanya biashara alinishinda, na mimi si mtu wa kushindwa kirahisi.

Nina uwanja wa skrepa: mabati, nyaya, mashine za kufulia zilizokata roho, kompyuta, vitu ambavyo wenyewe wamevichoka. Uwanja huo niliuanza na gunia moja la shaba nililookota kwa mikono yangu, bila mume, bila mjomba wa kunishika mkono. Watu huniita Mama Skrepa na sioni tusi hapo. Asubuhi hiyo akaingia mwanamke mfupi wa miaka hamsini na ushee, amevaa koti jeupe lililotobolewa na asidi kifuani. Akapita moja kwa moja mpaka kwenye projekta mbovu iliyokuwa imekaa miezi minne bila kuulizwa hali.

"Hii nataka matumbo tu. Ganda baki nalo."

"Matumbo yana bei yake, mama."

Akatoa bisibisi mfukoni mwa koti, akaifungua, akachomoa kioo kimoja cha mviringo, kinene katikati. Akakielekeza kwenye geti langu, na nyuma yake akashika karatasi. Akawa anasogeza karatasi mbele, nyuma, mbele kidogo. Ghafla geti langu likatokea pale kwenye karatasi, dogo, rangi zake zote, na lori langu pembeni yake. Vyote miguu juu.

"Mbona umenipindua?"

"Sijakupindua mimi. Mwanga unaotoka juu ya geti ukishapita kwenye lenzi unatua chini, na wa chini unatua juu." Akatoa futi ya kamba, akapima kutoka kwenye kioo mpaka kwenye karatasi. "Geti liko mbali, kwa hiyo umbali huu ndio urefu wa fokasi. Sentimita kumi na tano. Hii hii."

Alisema "hii hii" kama mtu aliyemwona ndugu yake stendi. Mimi hapo hapo nikapandisha bei mara tatu.

Akanitazama. "Umeona nimefurahi."

"Nimeona."

"Haya. Sasa nionyeshe mtu mwingine hapa mtaani anayetafuta sentimita kumi na tano. Nitakaa kwenye hilo tairi nimsubiri."

Akakaa kweli. Akatoa karanga, akaanza kula. Nilihudumia wateja watatu, yeye yupo. Mwisho nikamwambia, chukua kwa bei ya plastiki, uniondolee uso wako. Akachukua na vioo viwili vilivyobaki mle ndani, bure, kwa sababu, anasema, projekta isiyo na jicho moja haina haja ya mengine.

Niliuliza habari zake, maana mtu aliyenishinda ni lazima nimjue. Alikuwa mtunza maabara wa sekondari iliyo upande wa juu wa barabara. Kazi yake kwenye karatasi: kufuta vumbi, kuosha vyombo, kufunga madirisha. Miaka kumi na tisa amefanya hivyo. Lakini mwalimu wa fizikia aliondoka akafuata mshahara mnono, akaacha darasa la wanafunzi thelathini na mmoja, na hakuletwa mwingine. Yule mama akaingia darasani na koti lake la matundu akaanza kufundisha. Hakuombwa, na hakuomba ruhusa. Wanafunzi wakampa jina: Mwalimu Fyuzi. Mkuu wa shule alimwita "yule mama wa usafi".

Safari ya pili alikuja kutafuta umeme.

"Umeme siuzi, nauza maiti," nilimwambia.

"Basi nionyeshe maiti."

Akanieleza mambo yake huku akifungua makava ya chaja mbovu, alizochukua akisema ni za kuchezea tu. Laini ya umeme ya jengo la maabara ilikatika miaka mitatu nyuma na mkuu hakuirudisha. Mwezi unaofuata anakuja mkaguzi wa mitihani. Akikuta maabara haina umeme, watoto hawatafanya mtihani wa vitendo. Watapewa karatasi badala yake, waeleze kwa kalamu balbu inavyowaka. Na chumba, ambacho mkuu alikuwa anakitamani siku nyingi, kitawekwa makochi kiwe ofisi ya mikutano.

"Watoto wangapi wamewahi kuiwasha balbu kwa mikono yao? Wote thelathini na mmoja," alisema. "Wamewasha kwa betri za tochi zilizochoka. Sasa waende wakaandike hadithi? Chumba hakitoki."

"Na wewe utafanya nini? Wewe si mwalimu."

"Nimekwambia chumba hakitoki."

Nilikuwa na paneli nne za sola zilizoshushwa kwenye paa la nyumba ya wageni baada ya radi. Nilikuwa nimezipima mwenyewe, juani, saa sita mchana. Mita yangu ilisema sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Kwangu paneli ya sifuri ni kioo na fremu ya aluminiamu, basi. Yeye akazigeuza mgongo. Kila moja ina kisanduku cheusi pale nyuma, kiasi cha kiberiti kikubwa, ndiko nyaya zinakotokea. Akainama, akakinusa kisanduku cha kwanza. Akanusa cha pili. Nikasema moyoni, huyu mama elimu imempanda kichwani.

"Zinauzwaje?"

"Bei ya kioo."

"Pamoja na visanduku?"

"Chukua na visanduku, chukua na harufu yake."

Safari hii hakupunguza bei hata kidogo. Alilipa, akakodi mkokoteni, akaondoka bila kuaga vizuri. Ningekuwa macho ningejua hapo hapo. Mnunuzi asiyebishana ameshapata faida yake. Hiyo nimewafundisha watu wengi, na siku ile niliisahau.

Wiki mbili baadaye nilipata mzigo wa balbu ndogo nikaamua kumpelekea mwenyewe. Uongo wa nini, nilitaka kuona anafanyia nini vioo vyangu. Jengo la maabara lilikuwa nyuma kabisa ya shule. Nikachungulia mlangoni. Mezani balbu zinawaka. Feni inazunguka. Kwenye kona kuna betri mbili za gari, na kutoka kwenye betri waya unapanda dirishani mpaka juu ya bati. Nikatoka nje nikainua kichwa. Paneli zangu nne zimelala juani, zinang'aa zinanicheka.

"Mwizi!" Nilisema kwa sauti, darasa zima likageuka.

"Karibu, Mama Skrepa," akasema yeye, anafuta ubao. "Watoto, msalimieni mgeni."

"Shikamoo, Mama Skrepa!" Thelathini na mmoja kwa pamoja.

"Shikamoo yenu kaeni nayo! Mama, umenunua paneli nzima kwa bei ya kioo!"

"Wewe uliuza nini?"

"Kioo!"

"Mimi nimenunua kioo. Ulipopima ulipata sifuri, mimi nikakubali sifuri yako. Kosa langu liko wapi?"

Watoto wanacheka waziwazi. Nimebishana na madalali wa kila namna, na ningekuwa mimi ningejibu hivyo hivyo. Nikavuta stuli nikakaa. Nikamwambia, paneli sizichukui, lakini sitoki humu mpaka nijue sifuri yangu ilikuwa na kasoro gani. Akasema sawa, ila kuna sheria ya chumba. Hakuna anayegusa mita bila fyuzi yake mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoelewa lile jina. Kila mwanafunzi alikuwa na fyuzi aliyoitengeneza kwa mkono wake: kipande cha boksi, pini mbili za karatasi, na kati ya pini hizo uzi mmoja wa ile sufi ya chuma ya kusugulia masufuria. Uzi mmoja tu, mwembamba kama unywele. Ukitaka kutumia mita unaiunganisha kwanza fyuzi yako, umeme upite kwako kabla haujafika kwenye mali ya shule. Ukikosea, mkondo ukazidi, uzi unaungua na mita inapona. Boksi lako lililoungua unaliandika jina na tarehe, unalipigilia ukutani mbele ya wenzako, halafu unatengeneza jingine. Ukuta wa nyuma ulikuwa umejaa vipande hivyo, vimeungua katikati, safu juu ya safu, mpaka karibu na dari.

Nikatengeneza yangu. Vidole vyangu vimezoea vyuma vya kilo, ule uzi ulinikatikia mara mbili. Akanipa betri, balbu na ameta, ile mita ya kupimia mkondo, akasema pima mkondo unaopita kwenye balbu. Nikashika nyaya mbili za ameta nikazibandika kwenye ncha mbili za betri, kama ninavyopima volti uwanjani kila siku. Uzi ukawaka mwekundu, tsss, ukakatika.

"Ukuta! Ukuta! Ukuta!" wakaimba wale watoto.

"Ameta haina ukinzani wa maana," akasema Mwalimu Fyuzi. "Ukiiweka kwenye betri peke yake umeupa umeme barabara kuu isiyo na tuta. Inakaa kwenye foleni pamoja na balbu, moja nyuma ya nyingine. Haya, andika jina."

Nikaandika: Mama Skrepa. Nikapigilia.

Baada ya hapo akanionyesha kisanduku cheusi. Ndani kulikuwa na vidude viwili vidogo vyeusi, kila kimoja na mstari wa fedha upande mmoja. Diodi. Imetengenezwa kwa nusu kipitishi, akasema, kitu ambacho si chuma kinachopitisha kila kinachokuja, wala si mpira unaokataa kila kitu. Kimeungwa kwa namna ambayo umeme unapita upande mmoja tu, kama geti la kuingilia uwanja wa mpira, lile la kuzunguka: mbele linakwenda, kurudi halikubali. Kazi yake kwenye paneli ni kungoja. Jani likianguka juu ya paneli, au kivuli, sehemu ile inakuwa kikwazo, na diodi inaufungulia umeme njia ya pembeni. Jua likiwa kamili imejifunga, haifanyi kitu.

"Radi ikipiga, diodi inaungua. Ikiungua hivi inageuka kipande cha waya, iko wazi pande zote. Sasa paneli inazalisha umeme kule juu, umeme unashuka, unakuta njia ya mkato ndani ya kisanduku, unarudi ulikotoka. Unazunguka humo humo. Wewe huku nje unapima sifuri. Paneli ilikuwa inafanya kazi kutwa, Mama Skrepa, ila ilikuwa inajifanyia yenyewe."

"Na ule kunusa?"

"Diodi iliyoungua inanuka. Nilizikata kwa plaizi, mbili kila paneli. Pale pale volti ishirini na moja. Kisha nikaweka nyingine nilizochomoa kwenye chaja zako mbovu."

"Zile ulizoniambia unachezea?"

"Nilichezea."

Nikaondoka na hasira, lakini na elimu. Uwanjani nilikuwa na paneli nyingine sita za sifuri. Nilikata diodi kwenye visanduku vyote jioni ile kabla jua halijazama, na nne kati ya sita zilifufuka.

Siku chache baadaye mkuu wa shule akanipigia simu. Mtu wa suti, sauti laini. Anataka kuuza vifaa vya maabara kama skrepa, vyote kwa jumla: mita, nyaya, vyuma vya meza, na "zile paneli chakavu". Anataka kabla ya mkaguzi, chumba kionekane wazi. Nikaenda kuona, nikazunguka kama mtu asiyekijua chumba. Mwalimu Fyuzi alikuwa anaosha vyombo kwenye sinki. Alinitazama mara moja tu, mikono imejaa povu, akaendelea kuosha.

Nisisingiziwe huruma nisiyokuwa nayo. Nilipiga hesabu. Shaba iliyokuwa mle ndani ningeiuza mara moja, nikaisahau. Lakini mwanamke mmoja anayejua kwa nini maiti zangu zimekufa, huyo ni faida ya kila mwezi, na akitolewa kwenye chumba kile atakwenda wapi na benchi lake? Nikamtajia mkuu bei ya kuudhi. Bei ambayo hata mlevi asingeikubali.

"Mama, unanitania?"

"Mita zimechoka, bosi. Ulizia kwingine."

Niliyajua majibu ya huko kwingine kabla hajauliza. Wanunuzi wa shaba mjini kwetu ni watano, na wanne kati yao wananiogopa; wa tano ni mimi. Alizunguka siku kumi. Akarudi amechoka, akakubali bei yangu, lakini kwa sharti lake: nije na lori siku ile ile ya ukaguzi, mkaguzi akishaandika kwamba maabara haifai, nipakie hapo hapo.

Kwa hiyo siku ya ukaguzi nilikuwepo, nimeegesha lori chini ya dirisha la maabara, na injini nimezima nisikie vizuri.

Mkaguzi alikuwa mwanamume mwembamba mwenye miwani minene, mkimya. Aliangalia paneli, akaangalia betri, akaandika. Mkuu alisimama mlangoni anatabasamu. Mkaguzi akamnyooshea kidole msichana wa benchi la mbele: unga saketi, pima mkondo wa balbu. Nilimwona akishika nyaya haraka haraka, na kabla Mwalimu Fyuzi hajapumua, ameta imekwenda kwenye betri peke yake. Tsss. Moshi mwembamba ukapanda.

"Unaona mwenyewe, mheshimiwa," akasema mkuu. "Wanaunguza vitu. Hata ukuta ule, angalia! Huyu mama anaweka kumbukumbu ya uharibifu."

Mkaguzi akaenda ukutani. Akasoma taratibu, safu kwa safu, mikono nyuma.

"Mama, hizi ni nini?"

Mwalimu Fyuzi hakushusha macho. "Ni siku ambazo walishika kitu. Wewe unakagua shule nyingi. Umeona mita ngapi bado zimo kwenye maboksi yake, na nailoni haijatolewa? Hizo haziungui kamwe. Hapa zimeungua fyuzi mia mbili na kumi na nne za sufi ya masufuria. Mita iliyoungua hakuna. Zihesabu."

"Na wewe una cheti gani cha kufundisha?"

"Sina. Ninao huo ukuta."

Mkuu akakohoa. Mkaguzi akamgeukia msichana. "Nini kimetokea?"

"Ameta nimeiweka sambamba na betri, ilitakiwa iwe kwenye mfululizo na balbu. Ukinzani wake ni mdogo sana, mkondo ukawa mkubwa." Alikuwa tayari ameshavuta kipande cha boksi. Pini, pini, uzi. Dakika mbili, bila kuambiwa. Akaunga upya, balbu ikawaka, akasoma mshale: "Ampea sifuri nukta tatu."

Kisha akachukua kipande kilichoungua, akaandika jina na tarehe, akampita mkaguzi na nyundo mkononi, akapigilia. Mkaguzi akasogea kumpisha. Halafu macho yake yakatua kwenye kipande kingine karibu na hapo.

"Huyu Mama Skrepa yuko kidato gani?"

Darasa likalipuka kwa kicheko. Nikashuka kwenye lori nikajibu kupitia dirishani: "Kidato cha mtaani, mheshimiwa. Niliunguza mara moja tu."

"Na umekuja kufanya nini?"

"Nilikuja kubeba skrepa. Naona hakuna."

Mkuu alinitazama kwa jicho ambalo lingeweza kuwasha balbu bila betri.

Maabara ilipita. Watoto thelathini na mmoja walifanya mtihani wao wa vitendo kwa mikono, mle mle, na makochi ya mikutano yakatafutiwa chumba kingine. Lakini mkaguzi aliandika sharti moja chini: somo lishikwe na mwalimu mwenye cheti. Akaletwa kijana, mpole, vyeti vyake vimepangwa kwenye faili. Mwalimu Fyuzi akarudishiwa ufagio wake na mshahara ule ule. Siku ya kwanza kijana aliponyoosha mkono kwenye mita, yule mama alimwekea mbele kipande cha boksi na uzi wa sufi. Kijana akacheka, akasema yeye ana shahada. Yule mama akasema shahada aiweke mfukoni, fyuzi aiweke kwenye saketi. Jina la kijana liko ukutani, safu ya juu, tarehe ya siku ile ile alasiri.

Mimi nilipoteza shaba ya maabara, na mkuu haniuzii hata msumari. Nilipata paneli nilizokuwa nikizivunjavunja kwa miaka. Mwalimu Fyuzi alibaki na chumba, akapoteza cheo alichokuwa amejipa mwenyewe, na kitu kingine ambacho nadhani kilimuuma zaidi, maana alikigundua mbele yangu.

Juzi alikuja tena. Akageuza paneli iliyoegemea ukuta, akainama kidogo, akanusa kwa siri kama mtu anayezuia chafya.

"Hiki kioo bei gani?"

Nikatoa mita yangu, nikafungua kisanduku, nikapima diodi mbele na nyuma, taratibu, anaona. Mita ikalia pande zote mbili, yaani zimeungua. Nikazikata kwa plaizi, moja, mbili. Nikaisogeza juani, nikapima tena. Ishirini na moja.

"Hiki si kioo," nikamwambia.

Akasimama akanitazama na koti lake la matundu.

"Nani kakufundisha ujinga huo?"

Kisha akavuta tairi, akakaa, akatoa karanga.